Kabla Hujaita Mwizi, Tuonyeshe Kwanza Kufuli Lako

Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna ishu imenikaa kooni tangu juzi na nisipoitoa sitalala.

Wengi mtakuwa mmeshaiona ile posti. Jina sitaji, hapa kwetu hatutaji mtu, ila mliopo mjini mshajiongeza. Mwanadada mmoja staa, siku hizi kahamia kwenye mambo ya mazoezi. Kila Jumamosi asubuhi yuko barabarani na baiskeli yake, kofia ngumu, miwani, chupa ya maji, yaani kamili. Mwenyewe alishawahi kutuambia hiyo chuma imemtoka zaidi ya milioni mbili. Hatukukataa, hela yake, jasho lake.

Sasa juzi kashuka sehemu kunywa madafu, kakaa na wenzake, kapiga picha mbili tatu. Anarudi, baiskeli hakuna. Akatupia posti kwa hasira: atakayemleta mwizi anapewa laki tano. Chini akaweka picha ya kamera ya duka la jirani, imefifia hiyo, unaona kijana kavaa kapelo anapita. Uso hauonekani. Basi.

Dah, njooni muone komenti. Wengine wakasema ni kiki. Lakini iliyopata laiki nyingi kuliko zote ilikuwa inataja tairi na petroli. Na sio tairi la baiskeli. Mnaelewa ninachosema. Kufika jioni watu washamtaja "mhusika", dogo mmoja anayeosha magari jirani na pale, eti kwa sababu naye huwa anavaa kapelo. Ninavyosikia, yule dogo kazini haonekani tena. Kajificha. Na hakuna hata mtu mmoja aliyemwona na ile baiskeli.

Mimi nikairudia ile posti, nikaenda picha ya pili. Hiyo watu wengi wameipita. Inaonyesha kilichobaki eneo la tukio: kijiwaya chembamba cha rangi, kile chenye namba za kuzungusha, kimekatwa safi, kinaning'inia kwenye matawi ya ua. Ua la miti, wadau! Baiskeli ya milioni mbili imefungwa kwa waya unaokatika kwa mkasi wa fundi umeme, tena kwenye kitawi.

Najua mtasema namlaumu aliyeibiwa. Subirini. Mwizi ni mwizi, hata ungeacha baiskeli yako wazi katikati ya uwanja wa mpira sio yake, asiiguse. Hilo halina mjadala. Ninachosema ni kingine, na nina haki ya kukisema kwa sababu yameshanikuta, na mimi nilifanya vibaya kuliko huyu dada.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na baiskeli nyekundu ya mtumba, zile zinazokuja na meli kutoka Japani. Niliinunua kwa kudunduliza, ndiyo ilikuwa inanipeleka kwenye mishe zangu zote. Siku moja nikaenda kunyoa, Mwananyamala. Nje ya saluni kulikuwa na bomba la maji, nikapitisha waya kwenye tairi la mbele nikafunga pale. Nikaingia. Dakika kumi na tano tu.

Natoka, nakuta tairi la mbele limefungwa vizuri kabisa kwenye bomba. Tairi peke yake. Baiskeli yote imeondoka.

Nikachanganyikiwa. Na hapo hapo kwa mbali nikaona kijana anasukuma baiskeli nyekundu. Sikufikiria chochote. Nilipiga kelele moja tu, lile neno ambalo mtaani kwetu ukilitamka huwezi kulirudisha mdomoni. "Mwizi!"

Sijui watu walitokea wapi. Walikuwa wanacheza bao, walikuwa wanauza vocha, walikuwa kwenye foleni ya kunyoa, ghafla wote wako barabarani. Walimfikia kabla yangu. Mimi nafika tayari yuko chini, mdomo unavuja damu, mmoja ameshika tofali. Na mimi ndiyo nilikuwa naonekana shujaa, "mwenye mali huyu hapa, mpisheni".

Aliyemwokoa ni mama mmoja anauza maandazi pale kona. Alisukuma watu kwa beseni lake, akanigeukia mimi: "Mwanangu, tairi lako si lile pale kwenye bomba? Hebu hesabu, ya huyu ina matairi mangapi?"

Ilikuwa na matairi mawili.

Wadau, mtoto wa darasa la kwanza angeijua hiyo hesabu. Baiskeli yangu ilikuwa imebaki na tairi moja, ya yule kijana ilikuwa nzima. Watu zaidi ya ishirini na mimi mwenye mali, hakuna aliyehesabu mpaka mbili. Yule kijana alikuwa anasambaza mikate madukani, na nyuma kwenye kariya kreti lilikuwepo. Liliangukia mtaroni.

Watu wakatawanyika, hakuna aliyesema pole. Mimi pia siku ile sikusema, niliona aibu. Nilimtafuta baada ya wiki mbili nikamuomba msamaha. Akaniambia yameisha, kaka. Lakini mpaka leo njia ya ile saluni hapiti, anazunguka nyuma.

Ndiyo maana nasema, kufuli bovu haliishii kukupotezea baiskeli. Linakuacha umesimama barabarani na hasira, na kwetu hapa hasira ikikosa mwenyewe inatafutiwa mtu. Na mtu anayepatikana haraka ni yule aliye karibu, masikini, kavaa vibaya, anasukuma baiskeli. Mwizi mwenyewe keshafika mbali. Kwa hiyo mimi kufuli naliona kama adabu kwa majirani, sio ishu ya pesa peke yake.

Sasa tuongee kifundi, maana blogu nyingi zingeishia kukwambia "kuwa makini". Umakini haufungi baiskeli.

Kwanza elewa mwizi anahitaji nini. Anahitaji muda, kifaa, na asionekane. Huwezi kutengeneza kufuli lisilokatika, hilo halipo duniani. Mwenye grenda ya betri na muda wa kutosha atakata chochote. Kazi yako ni kumfanya achelewe, apige kelele, aonekane, aone bora aachane nayo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mwizi akitaka anachukua tu", mwambie hapo hapo: basi nyumbani kwako usifunge mlango.

Pili, aina ya kufuli. Kile kijiwaya, hata kiwe na namba ngapi, ni cha kumzuia mtoto asiipande dukani ukiwa umeingia kununua sukari. Koleo la kawaida linakimaliza. Zile baiskeli za Japani nyingi zinakuja na kufuli la duara pale tairi la nyuma, linapitisha chuma katikati ya spoki. Zuri, linamzuia mtu kuipanda akakimbia nayo. Lakini halijaifunga popote! Mtu anainyanyua, anaipakia kwenye bajaji, anaenda kulivunja kwa raha zake kwao. Yangu nadhani ndivyo ilivyoondoka.

Lenye nguvu ni lile la umbo la U, chuma kigumu kizima na kipande cha kufungia chini. Ukikosa, chukua mnyororo mnene wa chuma kigumu na kufuli la maana, sio mnyororo wa kufungia mbwa na kufuli la sanduku la shule. Mnyororo na kufuli vilingane nguvu, maana mwizi hatahangaika na kilicho kigumu, anakata kile dhaifu.

Hili kufuli la U lina historia tamu. Mwaka 1972 watu wa Kryptonite, Marekani, waliifunga baiskeli mtaani Greenwich Village, New York, wakaiacha siku 30. Wezi waling'oa kila kinachong'oka. Lakini kufuli lilibaki limefungwa. Ukiisikiliza vizuri hiyo stori ina mafunzo mawili: kufuli zuri linafanya kazi, na usichokifunga kitaondoka.

Na usidhani jina kubwa linatosha. Mwaka 2004 hao hao Kryptonite walipata fedheha, video zilisambaa intaneti zikionyesha baadhi ya makufuli yao yenye funguo za mviringo yakifunguliwa kwa mrija wa kalamu ya kuandikia. Kalamu! Walilazimika kuwabadilishia wateja. Kwa hiyo ukienda dukani, usinunue la funguo ya mviringo la zamani kwa sababu tu ni zito. Chukua lenye funguo bapa.

Tatu, unafunga wapi kwenye baiskeli. Hapa ndipo wengi tunafeli. Usifunge tairi la mbele peke yake, nishakupa ushahidi. Kuna baiskeli tairi la mbele linatoka kwa kukunja kijiti kimoja kwa mkono, hata spana haihitajiki. Usifunge kwenye kiti, kiti kinachomolewa. Fremu ndiyo baiskeli, hiyo lazima iwe ndani ya kufuli. Ukiweza kukamata fremu na tairi la nyuma pamoja, umemaliza sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu tairi la nyuma na gia zake ni ghali kuliko la mbele.

Kulikuwa na fundi mmoja wa Marekani, Sheldon Brown, alifariki 2008, tovuti yake ya baiskeli ilisomwa dunia nzima. Yeye alifundisha hivi: chukua kufuli la U dogo, lipitishe kwenye ringi ya tairi la nyuma, pale ndani ya ile pembetatu ya fremu ya nyuma, halafu kwenye nguzo. Tairi haliwezi kupita kwenye pembetatu, kwa hiyo fremu nayo imenasa hata kama kufuli halijaigusa. Na kwa nini dogo? Kwa sababu nafasi inayobaki ndani ya kufuli ndiyo anayoitumia mwizi kuingiza jeki au bomba akalipasua. Ukilijaza, hana pa kuingizia.

Tairi la mbele basi lile, lipitishie mnyororo wa pili, au kamwambie fundi akutolee kile kijiti akuwekee nati ya kufungua kwa spana. Kiti nacho kina ujanja wake: chukua cheni kuukuu ya baiskeli, ivishe tyubu iliyochakaa isikwaruze, izungushe chini ya kiti na kwenye fremu, fundi aiunge moja kwa moja. Vitu hivyo kwa fundi wa mtaani vinalala chini, anaweza kukupa kwa hela ya soda.

Nne, unafunga kwenye nini. Tikisa kwanza. Nguzo imechimbiwa au imesimamishwa tu? Ni ndefu au fupi? Kibao kifupi cha barabarani, mwizi ananyanyua baiskeli na kufuli lake anaitoa kwa juu kama kofia. Uzio wa waya unakatika. Nguzo ya mti ya kibanda cha chipsi inakatwa kwa panga. Na matawi ya ua, tushasema. Tafuta geti la nondo nzito, nguzo ya chuma yenye zege, dirisha la nondo, ila usizibe njia ya watu.

Tano, kufuli lisiguse chini. Likilala kwenye lami mwizi anapata kitako cha kulipigia nyundo, au anakanyagia ule mkasi mkubwa wa kukatia vyuma kwa uzito wa mwili wote. Liweke juu, limebana, tundu la funguo litazame chini vumbi na mvua visiingie.

Sita, macho ya watu. Funga pale watu wanapopita na kukaa. Mwambie muuza karanga, mama ntilie, mlinzi: "Naomba uniangalizie hapa, ni ya kwangu mimi." Sentensi hiyo inafanya kazi kuliko kamera, maana sasa anakujua mwenyewe, akiona mwingine anaigusa atauliza. Yule mama wa maandazi ningemsalimia tu siku ile, nadhani leo ningekuwa na baiskeli yangu. Na usiku ingiza ndani. Na ndani napo funga, hasa sisi wa nyumba za kupanga, koridoni wanapita watu wa vyumba vyote na wageni wao.

Saba, na hii ndiyo itamwokoa mtu. Pindua baiskeli yako leo. Chini kabisa, pale ekseli ya pedali inapopita, fremu nyingi zina namba imegongwa kwenye chuma. Nyingine iko kwenye nguzo ya kiti au kwenye shingo ya stelingi. Ipige picha. Piga picha baiskeli nzima, na mikwaruzo yake, na wewe ukiwa nayo. Tunza risiti. Ukinunua ya mtumba mdai muuzaji akuandikie hata kwenye karatasi ya daftari, namba ya fremu na saini.

Ikiibiwa, unaenda polisi, unatoa maelezo, unapewa RB, na namba yako unayo. Ukiona inayofanana na yako, huna haja ya kupiga kelele, unaita polisi na namba zinalinganishwa. Zikiwa tofauti, mtu anaendelea na safari yake na meno yake yote. Siku ile namba ya fremu ya baiskeli yangu sikuijua. Hata wangenipa nafasi ya kuthibitisha, nisingekuwa na kitu zaidi ya "ni nyekundu".

Wapo watakaosema kufuli la maana ni ghali. Ndiyo, ni ghali. Mimi nilinunua waya wa buku saba kulinda baiskeli ya laki mbili na nusu, nikajiona mjanja nimebana matumizi. Nilipoteza laki mbili na nusu, na kidogo nipoteze roho ya mtu. Ukinunua baiskeli, hesabu kufuli ndani ya bei. Kama haitoshi, chukua baiskeli ya chini kidogo yenye kufuli la juu kidogo. Kwa huyu dada yetu wala sio ishu ya hela. Miwani ya mazoezi anayo, kofia anayo, kufuli hakulinunua kwa sababu kufuli halionekani vizuri kwenye picha. Tuambizane ukweli.

Kuna filamu moja ya zamani ya Italia, ya 1948, ya Vittorio De Sica, inahusu baba masikini pale Roma. Kapata kazi ya kubandika mabango, na bila baiskeli kazi hakuna. Siku ya kwanza tu kazini wanaiiba. Anazunguka mji mzima na mtoto wake mdogo. Mwisho, kakata tamaa, yeye mwenyewe anajaribu kuiba ya mtu, anakamatwa mbele ya mwanae. Nilipoiangalia nilifikiria mambo mawili. Kwamba baiskeli kwa masikini sio mchezo, ni ugali. Na kwamba aliyeibiwa na anayeitwa mwizi wanaweza kuwa mtu yule yule, siku moja. Mwenye ile baiskeli alimwonea huruma akaamua yaishe. Huku kwetu ile filamu ingeisha na moshi.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Haijasema "isipokuwa wezi wa baiskeli". Magazeti yanaandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba ni kikundi fulani kinaishi mbali. Ni sisi. Ni mimi nje ya saluni. Ni wewe uliyeweka laiki kwenye ile komenti ya petroli ukiwa umelala kitandani kwako.

Kwa hiyo dada yetu, najua wasaidizi wako wanapita huku. Pole sana kwa baiskeli, kwa kweli inauma, mimi naijua hiyo hali. Lakini ile picha ya kapelo iondoe leo. Weka namba ya fremu badala yake. Hela ya zawadi mpe atakayeleta baiskeli, sio atakayeleta mtu, na pokelea kituo cha polisi. Na yule dogo wa kuosha magari, kama hamna ushahidi wowote, andika hata mstari mmoja kwamba humtuhumu. Wafuasi wako wanakusikiliza wewe kuliko wanavyomsikiliza mjumbe wa mtaa. Mstari mmoja utamrudisha kazini.

Na wewe mdau, kabla hujalala leo, nenda kaangalie baiskeli yako imefungwa na nini, kwenye nini, na namba yake ni ngapi. Halafu uje hapo chini utuambie unafungaje ya kwako, na kama ulishawahi kumtuhumu mtu ukakosea, tuambie pia. Ila jina la mtu usitaje.